Samaki Ndani ya Chumba cha Seva

Dada Akal,

Ejok, nakusalimu. Usiniulize kwa nini nimechelewa kukuandikia. Kila nilipokaa kuandika, ile harufu ilinirudia, nami nikaiacha kalamu. Leo nimeoga, nimevaa shati la kanisani, nimekaa chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi yetu ya Kakuma ambapo upepo unapita vizuri, na bado pua inaniambia kuna samaki aliyeoza mahali fulani. Hayupo. Nimetafuta. Ni mimi tu.

Nakuletea habari ambayo ungetaka kuisikia kabla ya habari ya mtu yeyote. Ile seva ya barua pepe ya Lodwar, mashine uliyoiweka kwa mikono yako ukanifundishia kazi, imekufa. Tumehamia mashine mpya. Barua zinakwenda na kurudi. Ningeweza kuishia hapo ukafurahi. Lakini jinsi ilivyokufa inanitia kinyaa hata sasa ninapoandika, na sina mwingine wa kumweleza ambaye ataelewa kwa nini mtu mzima alitapika uani kwa sababu ya mashine.

Acha nianze siku tuliyokupeleka nyumbani Kataboi.

Ulikuwa umerudi kutoka Kakuma na homa. Ukasema ni uchovu wa barabara, ukameza vidonge, ukaendelea na kazi. Wiki haikuisha, malaria ikawa imepanda kichwani. Siku ya mwisho hospitalini uliniita kwa jina la kaka yako, nami nikaitika. Ofisi ikatoa gari. Meneja wetu, yule uliyekuwa ukimwita Baba Kiti kwa ajili ya kile kiti chake kinachozunguka, alisifiwa na kila mtu kwa kutoa gari. Mwenyewe hakuja. Alisema ana mkutano.

Tulikuzika mchana, upepo wa ziwani ukitutupia mchanga machoni. Watu walikuwa bado wananawa mikono dereva wa ofisi aliposogea kwa mama yako. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. "Mama," alimwambia, "Meneja alisema kama kuko samaki, asisahauliwe."

Mama yako alinyanyuka. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado kwenye kucha zake. Akaenda kwenye chanja, akatoa gunia la samaki wakavu aliokuwa amewaweka wa kuuza, na beseni kubwa la wale wa chumvi ambao jua lilikuwa halijawamaliza. Dereva akasema inatosha. Yeye akaongeza. "Wamenirudishia mtoto wangu," alisema. "Wapeni."

Basi nilirudi Lodwar nyuma ya lile gari, na gunia na beseni vimewekwa pale pale jeneza lako lilipokuwa limelala. Kila tulipopita shimo, maji ya chumvi yalimwagika yakapita chini ya viatu vyangu. Nilidhani sitaona tena jambo la kuchukiza kuliko hilo maishani mwangu. Nilikuwa bado mtoto.

Unajua joto la Lodwar. Friji ya nyumbani kwa Meneja ilikuwa imeharibika, na katika ofisi yetu nzima chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kweli ni kimoja. Chako. Matanga hayajaisha, alichukua ufunguo kwenye droo yako na kumwambia dereva apange samaki humo. Asubuhi nilipofika nilikuta gunia limeegemezwa ukutani, na beseni limekaa juu ya kabati la seva.

Nilimwendea. Nilimweleza kwa heshima, vile ulivyonifundisha kuongea na wakubwa, kwamba chumba kile hakitaki unyevu, hakitaki chumvi, hakitaki mdudu. Alizunguka na kiti chake hadi akanielekea. "Kijana," akasema, "samaki hawasomi barua pepe."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe aliyapenda hayo maneno, akawa anayarudia kila mgeni akija.

Na wewe, dada, ulikuwa unatuvulisha viatu mlangoni! Unakumbuka siku niliyoingia na chupa ya maji? Ulinisukuma nje kwa bega. "Ewoi, mimi nimezaliwa kwenye samaki. Najua chumvi inafanyia chuma nini. Nje!" Halafu ukatoka, ukayanywa yale maji yote, ukanirudishia chupa tupu, ukacheka mpaka ukashika ukuta. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikiliangalia lile beseni, nikisikia kile kicheko chako.

Samaki walipoingia, wengine wakafuata. Mhasibu alileta maziwa yake. Mtu wa stoo akaleta soda za wageni. Siku moja nilikuta nusu mbuzi amening'inizwa kwa kamba kwenye bomba ambalo wewe ulipitishia nyaya, damu ikidondoka sakafuni taratibu, na chini yake wameweka gazeti, eti wasichafue. Wakaja mende. Wakaja nzi, ambao hapo awali hawakujua hata kama chumba kile kipo. Kiyoyozi kikaanza kulia na kutoa maji. Kila asubuhi nilikuwa nikifuta sakafu, nikiliteremsha beseni chini. Kila jioni nilikuta limerudishwa juu, kwa sababu chini panya walikuwa wanalifikia.

Niliposema tena, Meneja aliniambia kwamba nafasi yako ya ukuu wa kitengo bado haijajazwa, na kwamba mtu mwenye akili hatukani chakula.

Kisha stima ikakatika Ijumaa mchana, na jenereta haikuwashwa. Jumamosi na Jumapili ofisi ilifungwa na kila kilichokuwa ndani. Jumatatu nilifungua mlango mimi.

Nisamehe kwa nitakayoandika, lakini nataka angalau mtu mmoja ayajue. Ule uvundo haukunijia puani, ulinipiga usoni kama kitambaa kilicholoweshwa. Beseni lilikuwa limefura mapovu. Maji yake yalikuwa yamefurika juu ya kabati, yakapenya kwenye matundu ya kupumulia, yakashuka ndani ya mashine yako. Kando ya zile taa ndogo za kijani ulizonifundisha kuzisoma, palipokuwa na giza sasa, kulikuwa na funza. Weupe, wanene, wanapanda waya mmoja mmoja kama wana kazi ya kufanya. Nilitoka nje nikatapika uani, mbele ya mlinzi na mama wa chai. Kisha nikavua shati, nikarudi ndani, nikaanza kuwafuta na shati langu. Sijui kwa nini. Mashine ilikuwa imeshakufa. Nilishindwa tu kuwaacha watembee juu yake.

Meneja alifika akiwa ameziba pua na leso. Nikangoja aulize kuhusu barua za watu. Akauliza, "Samaki wote wameharibika?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza, dada. Naliandika ili usije ukafikiri naongeza chumvi.

Tangu hapo ofisi haikupokea barua wala kutuma. Aliwaambia watu wote, Lodwar, Kakuma na hata Nairobi, kwamba ni mtandao tu, utarudi. Wengine walikubali, wakapumzika. Achol hakuwa na nafasi ya kupumzika. Achol wetu, mkalimani wa Kakuma, yule mama wa Sudan Kusini aliyekuwa akikupikia kisra, ile mikate myembamba ya kwao, kila ukifika. Mwanawe Majok ana tundu kwenye moyo, wewe ndiwe uliyehangaika naye tangu mwanzo kumtafutia hospitali Nairobi. Hospitali ilikuwa iandike siku ya kumpasua. Bila ile barua mkononi, hawezi kupewa ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi kusafiri. Achol alinipigia simu kila asubuhi. "Ewoi, barua?" Namjibu bado. Tukapiga simu hospitali, wakatujibu kwamba walishaituma, na kwamba karatasi za mgonjwa haziendi kwa anwani nyingine isipokuwa ile ya ofisi wanayoijua. Kwa hiyo kule Kakuma mtoto midomo inakuwa ya buluu akitembea kwenda msalani, na huku Lodwar mtu mzima anachambua kwenye gunia samaki wakavu ambao hawajaguswa na maji.

Mwishowe mimi ndiye niliyepiga simu Nairobi nikasema mashine imekufa. Sikusema kwa nini. Wakajibu kwamba wataleta mpya, na fundi wao atakuja nayo pamoja na mkurugenzi.

Meneja aliniita ofisini kwake. Alikuwa anakula mandazi. Hakuniambia niketi. "Wakiuliza hiyo kitu iliharibika namna gani," alisema, "utasema aliyeiweka aliiweka vibaya. Ni marehemu. Marehemu hapelekwi kotini." Akachovya andazi kwenye chai. "Na kiti chake kitakuwa chako."

Niliangalia mdomo wake ukitafuna. Chembe zilikuwa zimeshika kwenye masharubu yake, na chai ikimtiririka kidogo pembeni, na kutoka katika mdomo huo huo jina lako lilikuwa limetoka sasa hivi. Nakuambia ukweli, dada, wale funza hawakunichukiza namna hiyo. Funza wanakula kilichokufa kwa sababu ndivyo walivyoumbwa.

Nilitoka nikafunga mlango. Alidhani nimekubali.

Chumba kilioshwa. Walitoa nyama, wakamwaga dawa ya madoa, kisha mtu akanyunyizia marashi, chupa nzima. Marashi juu ya uvundo ni mabaya kuliko uvundo wenyewe. Ilikuwa kama maiti aliyepakwa poda. Ile mashine niliwaambia wasiiguse, itawarusha kwa umeme. Ulikuwa uongo, kwa sababu waya haukuwa hata umechomekwa. Lakini waliogopa, na ikabaki vile ilivyokufa.

Wageni wakaja. Meneja alikuwa amesimamisha hema uani na kuagiza keki yenye picha ya kompyuta. Fundi wa Nairobi ni mama mmoja mfupi, mpole, anaitwa Mwende. Alishuka garini ameikumbatia seva mpya ndani ya boksi lake, hakukubali mtu ampokee. Ungempenda papo hapo.

Meneja akasimama kuhutubia. Alishukuru Mungu, akashukuru Nairobi. Halafu akasema, "Tunamkumbuka dada yetu Akal. Alifanya kazi kwa nguvu zake, lakini mashine hii aliifunga vibaya, ndiyo maana tumefika hapa. Tusimlaumu. Mungu amrehemu." Akatuomba tusimame tunyamaze kidogo kwa heshima yako. Tukasimama. Nikainua macho nikamwona, katikati ya ule ukimya, analamba sukari ya keki kwenye kidole.

Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu. "Si kweli."

Watu wakageuka. Nilishika mlingoti wa hema. "Akal aliifunga vizuri. Mashine imeuawa na samaki. Na hao samaki walitolewa na mama yake siku ya kumzika, na gari lililobeba maiti yake ndilo lililowabeba. Kama nadanganya, mashine iko pale. Ifungueni."

Meneja akacheka, akasema kijana ana majonzi. Mkurugenzi hakucheka. Lakini aliyesimama kwanza ni Mwende. Aliweka kikombe chake chini, akaniambia, "Nionyeshe."

Mlangoni yale marashi yalimsimamisha. Akavua viatu, bila kuambiwa na mtu. Akaingia, akafungua ubavu wa mashine, akamulika na tochi. Chumvi ilikuwa imeganda ndani kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Funza waliokauka. Na gamba moja la samaki, limenata juu ya feni, linang'aa. Mwende alitoka mbio, akainama kando ya ukuta, akatapika. Akanawa uso. Akarudi na glavu. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, na Meneja nyuma yake.

"Hii haikufungwa vibaya," Mwende alisema. "Mwenye aliifunga alikuwa anajua kazi. Na hii mpya haiingii humu ndani. Sitaiweka. Hata mniandikie barua ya onyo."

Mkurugenzi akauliza itakwenda wapi basi. Nikasema Kakuma. Kule kuna sola, kuna sahani ya mtandao juu ya paa, na kuna chumba kando ya stoo ya dawa ambacho Achol anakipiga deki kama altare. Hakubishana. Alikuwa ameziba pua na tai yake.

Tulitoa diski mbili za mashine yako. Moja ilikuwa imeliwa na chumvi kabisa. Ya pili ilisomeka nusu, yale mambo ya karibuni tu. Mwende akatikisa kichwa, akasema barua za miaka yote zimekwenda. Ndipo nikamwambia habari za diski yako. Walikucheka wewe, dada, kila ulipokwenda Kakuma na nakala ya barua zote umeifunga kwenye leso kama mtoto, ukaenda kumwachia Achol aiweke kwenye sanduku lake la bati pamoja na vyeti vya wanawe. Wakasema Akal hamwamini hata Mungu. Nakala ya mwisho uliiacha kule safari ile ile uliyorudi na homa.

Tuliondoka asubuhi. Mwende aliketi dirishani, mimi upande wa pili, na mashine mpya kati yetu, imefungwa blanketi na mkanda. Alipoona naishikilia kila tukikaribia korongo, hakuniambia barabara ni lami siku hizi. Aliniuliza tu, "Huyo Akal alikuwa mtu wa aina gani?" Nikaanza kueleza. Tulipofika Kakuma nilikuwa sijamaliza.

Achol alikuwa mlangoni, miguu mitupu, ufagio mkononi. Alinusa shati langu, akaguna. "Wewe kwanza oga," aliniambia. "Hapa samaki hapana ingia. Hata mimi natoa kiatu." Nilioga. Ndipo akatoa sanduku lake na ile leso yako. Juu ya diski ulikuwa umebandika karatasi kwa mwandiko wako: Usiguse. Ewoi, hata wewe. Mwende alicheka. Mimi nilitoka nje kidogo.

Kazi tuliifanya mchana, jua likiwa kali na betri za sola zimejaa. Uliniambia siku zote kwamba kuhama si kubeba mashine, ni kubeba watu. Kwanza tukaiandaa mpya, tukafungua sanduku la barua la kila mtu likiwa tupu. Halafu tukamwaga barua kutoka diski yako, kila mtu kwenye sanduku lake. Halafu tukaongeza ile nusu tuliyoiokoa Lodwar. Nilikuwa nikiangalia majina yakijaa: wauguzi, madereva, hata Meneja. Sanduku lake nililihamisha kwa uangalifu ule ule. Nilitaka kutema mate, nikameza, kwa sababu ungenipiga kofi. Mwisho tukabadilisha anwani ili dunia ijue kwamba barua za ofisi yetu sasa zinafikia Kakuma. Nikajitumia barua moja kujaribu. Ikafika. Kisha Mwende akapiga simu Lodwar, mama wa mapokezi akatuma ya kwake, imeandikwa tu: mko hai?

Achol alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, mikono kifuani. Tukatafuta barua ya hospitali. Ilikuwa kwenye ile nusu ya Lodwar. Iliingia asubuhi ya Ijumaa ile, stima haijakatika, na hakuna aliyeifungua. Nikamsomea. Siku waliyompa Majok ilikuwa imeshapita.

Nilidhani atapiga yowe. Alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Kwa sababu ya nini?" aliuliza. Ilibidi nimwambie. Nikaona haya kutamka neno samaki mbele ya mama wa mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi, akasema, "Andika tena. Sasa hivi. Andika mtoto ako tayari."

Tukaandika. Walitujibu kesho yake. Walimpa siku nyingine, akapata ruhusa, wakasafiri. Ninavyokuandikia Majok ameshapasuliwa. Achol alipiga simu, sikusikia salamu wala nini, alikuwa anacheka na kulia kwa Kiarabu cha Juba, mwishowe akakumbuka Kiswahili: "Midomo, Ewoi! Midomo nyekundu!" Hiyo nayo nilitaka uisikie kutoka kwangu.

Kuna sanduku moja lililobaki. Mwende aliniuliza kwa sauti ya chini, "La Akal tulihamishe ama tuliache?" Meneja alikuwa ameagiza lifutwe. Nililihamisha. Barua zako za zamani sikuzisoma, hiyo ni ahadi ya fundi. Lakini mpya zilianza kuingia siku ile ile, kutoka kwa watu wa mbali ambao hakuna aliyejishughulisha kuwaambia. Muuguzi mmoja wa Lokichoggio aliandika: "Madam Akal, nimesahau nenosiri tena, usinicheke." Niliona jina lako juu ya barua yenye uhai namna ile, nikaweka kichwa mezani. Baadaye nikamjibu, kwa jina langu, si lako. Nikamwambia umefariki, na kwamba nenosiri nimembadilishia mimi. Akajibu: "Basi nani atanicheka sasa?"

Utataka kujua yule mtu alifanywa nini. Hakufanywa kitu, dada. Alihamishwa. Wakampa kituo kingine chenye ofisi kubwa zaidi, na kabla hajaondoka walimchinjia mbuzi wa kumuaga. Niliitwa, nikaenda, kwa sababu nilitaka kumwona usoni. Alinikumbatia mbele ya watu, mikono ina mafuta ya nyama, akanipiga mgongoni. "Hakuna ubaya, kijana. Hayo yalikuwa ya kazi." Lile shati sikulivaa tena. Wenzetu walipiga makofi, wale wale waliokuwa wakiweka maziwa yao kwenye chumba chako, na mmoja wao akainama akaninong'oneza kwamba alijua tangu mwanzo si vizuri. Alijua! Nilimwangalia mpaka akahamia meza nyingine.

Kiti chako sikupewa na Meneja. Nairobi waliniandikia baadaye. Nimekikubali, lakini nakikalia Kakuma.

Nilikwenda Kataboi kumwona mama yako. Anaendelea vizuri, goti tu linamsumbua. Alinitengea maziwa, akaniuliza kama wale watu wa ofisi walipenda samaki wake. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, nimeupanga uongo njia nzima. Nikashindwa. Nilimwambia yote, hata ya keki. Aliangalia maji ya ziwa. Kisha akasema, "Mimi nilitoa kwa ajili ya mtoto wangu. Walivyofanya nao, hayo ni yao." Akaniongezea maziwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu ufe niliyokunywa kitu bila tumbo kukataa.

Jambo la mwisho. Mashine mpya inahitaji jina, unajua zinavyopewa majina ili zitambuane kwenye mtandao. Mwende, kabla ya kurudi Nairobi, aliandika Akal, akanigeukia akitabasamu, akidhani ananipa zawadi. Nilimwomba alifute. Alishangaa. Nilimwambia kwamba mashine hii nayo itachakaa, na siku hiyo mtu atapiga simu kutoka Lodwar akilalamika kwamba Akal amekufa, Akal ameharibika, Akal ametupotezea barua, na mimi sitaki kusikia hayo tena kutoka kinywa cha mtu yeyote. Akafuta. Tukaiita Mwarobaini, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza tulichokiona dirishani.

Lala sasa, dada yangu. Sitakuandikia kila mara, kazi ni nyingi, na wewe mwenyewe hukupenda mtu anayekaa tu. Upepo wa ziwa unaondoa mchanga juu yako upande wa mashariki, nimeuona. Nakuahidi kwamba mvua zikianza kunukia nitakuja, mimi na kaka zako tukusanye mawe, tuyapange vizuri juu yako. Na jina lako nitalitaja watu wakiniuliza nani alinifundisha kazi. Wakiuliza nani aliharibu, walioharibu ndio watakaotaja majina yao.

Ni mimi,
Ewoi